Mguu wa Baba Yako Mdogo

Nyamisi mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Bunda kuaga kwa shangazi, na mjukuu wangu mmemchukua, kwa hiyo mchana huu nimeachiwa nyumba na mabegi yako. Yamepangwa pale mlangoni kama wageni waliokataa kuketi. Nimeyapa kisogo ndipo nikaweza kuandika.

Habari za basi, za nguo za baridi ya Dodoma, za kumfunika mtoto njiani, mama yako ameshakuambia na kesho stendi atakuambia tena. Mimi huko sina la kuongeza. Nataka nikuambie habari ya mguu wa baba yako mdogo Magesa.

Jana jioni nilikuwa uani nikifunga mlango wa banda la kuku, nikakusikia ukiongea kwenye simu na Elia, anayekusubiri kule Dodoma. Sikutega sikio. Uliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na kazi ya kumvalisha mtoto. Nikamsikia mwenzako akisema mtoto asichomwe sindano nyingine ya chanjo, kwamba ile homa aliyoipata baada ya ile ya kwanza imetosha, na kwamba kuna video ametumiwa. Halafu nikakusikia wewe: "Elia, haya mambo hujui kitu. Usiniletee ushamba wa kwenye simu." Ukakata.

Maneno yale, mwanangu, nayajua vizuri. Niliyatamka mimi kabla wewe hujaota jino, na niliyemwambia alikuwa bibi yako.

Baba yako mdogo Magesa unamjua kwa baiskeli yake, anavyoikanyaga kwa mguu mmoja huku ule mwingine ukining'inia, na kwa redio za watu anazozifungua mezani kule Butiama akazirudisha zikiongea. Ulipokuwa mdogo ulimpendaga kuliko sisi wote. Siku moja, wageni wamejaa, ulimuuliza kwa sauti, "Baba mdogo, kwa nini mguu wako umekonda hivi?" Yeye alicheka. Bibi yako aliinuka akatoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Sisi tukakuambia alizaliwa hivyo. Haikuwa kweli. Bibi alituomba jambo lile lisizungumzwe mbele ya watoto akiwa hai, na sasa amepumzika, na mtoto wako amebeba jina lake. Namwitaga "mama" huyo mdogo, umesikia. Kwa hiyo nadhani unapaswa kujua.

Magesa alizaliwa na miguu yake miwili, na alikuwa na mbio. Alikuwa wa rika la kufukuza ndama wakati malaria ilipompanda kichwani. Baba yetu alikuwa amekwenda mnadani na ng'ombe. Mtoto akakakamaa, macho yakageuka meupe, degedege. Mama akamfunga mgongoni akaenda naye zahanati kwa miguu, mimi nikabaki kuangalia nyumba. Kule wakasema lazima achomwe kwinini. Magesa akapata nguvu za ajabu, akawa anapiga mateke, na aliyekuwa na sindano akamwambia mama, "Mshike miguu." Akamshika. Bibi yako alikuwa mwanamke wa kulima shamba la mtama peke yake, unaijua ile mikono. Alimshika barabara.

Homa ilishuka. Baada ya siku chache alipomsimamisha chini, mguu mmoja ulikunjika kama khanga iliyolowa. Sindano ilikuwa imegusa mshipa wa fahamu kwenye tako. Hilo tulikuja kuelezwa baadaye sana. Wakati ule majirani walisema amerogwa, na walitaja mpaka jina la mzee aliyemroga. Mama yangu hakuwahi kumtaja mchawi yeyote. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Sasa twende Murangi, ulikozaliwa wewe.

Najua hapa Musoma mjini ndipo unapopaita nyumbani, lakini mimi nikifumba macho nauona ule mwaka wa Murangi. Nilikuwa nanunua dagaa kwa wavuvi na kuwauzia wenye malori. Tulipanga vyumba viwili karibu na ziwa, ukuta wetu na wa fundi mitumbwi ulikuwa mmoja. Asubuhi mwalo wote, pale mitumbwi inapoegeshwa, unang'aa dagaa walioanikwa, wanawake wanawageuza kwa fagio, kunguru wanapiga kelele, na giza likiingia taa za karabai za wavuvi zinawaka ziwani utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mama yako alikuwaga anakupakata pale mlangoni ukizitazama. Tulikula sato mpaka tukamchoka. Hatukuwa na kitu, na sikumbuki mwaka mwingine nilioamka nikiwa na furaha kiasi kile.

Bibi yako alikuja kutoka Butiama kumwogesha mzazi. Alikuja na unga wa mtama, siagi ya ng'ombe wa nyumbani na nyimbo zake. Alikupenda wewe kwa fujo. Halafu siku ya kliniki ikafika, mama yako akaanza kukuvalisha kofia, na bibi akauliza mnakwenda wapi.

"Kliniki, mama. Anachanjwa leo."

"Kwa matone au kwa sindano?"

"Vyote viwili."

Bibi akakuchukua kutoka mikononi mwake, polepole, bila ugomvi, akakufunga mgongoni kwake. "Mjukuu wangu hachomwi," akasema, akaenda kuchota maji ukiwa mgongoni.

Mama yako alinitazama. Alikuwa mkamwana wa mwaka mmoja tu, asingeweza kumpinga mama mkwe wake. Ilikuwa zamu yangu. Bibi aliporudi na maji, nikaanza kwa upole. Nikamwambia mama kwamba ile ya Magesa ilikuwa dawa ya malaria, hii ni chanjo. Ile ilipigwa takoni, hii inapigwa pajani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wambura, sindano ina macho? Inajua imeingia wapi?"

Nilikuwa kijana, mke wangu ananitazama, wapangaji wanasikia. Nikapandisha sauti: "Mama, haya mambo hujui kitu. Huo ni ushamba."

Alikaa chini akaanza kuchambua mboga zake. Kati ya wote waliokuwepo pale, yeye peke yake ndiye aliyeiona kwa macho yake ile sindano ikiingia, na mimi niliyebaki nyumbani siku ile ndiye niliyemwambia hajui. Ningetamani kukuambia nilijirudi hapohapo. Nilichofanya ni kupanda mtumbwi nikaenda visiwani, kwenye kambi za dagaa. Nilisema biashara imenilazimu. Haikuwa imenilazimu kitu. Nilitaka wale wanawake wawili wayamalize wenyewe, halafu nirudi nikute limeshaamuliwa.

Nilipokuwa huko, mtoto wa fundi mitumbwi akaanza kukohoa. Alikuwa amekuzidi wewe kidogo tu. Kilikuwa kifaduro, ugonjwa ambao ile sindano ya kliniki huukinga. Mama yako hadi leo hataki kuigiza ile sauti. Anasema mtoto alikuwa anakohoa, anakohoa, pumzi inaisha, uso unabadilika rangi, halafu anavuta hewa kwa mlio kama wa mtu anayevutwa kutoka majini. Na ukuta ulikuwa mmoja. Bibi naye alikuwa anasikia. Mama yako anasema kila kikohozi kilipoanza, bibi alikuwa anakukumbatia na kugeuka upande wa pili, kana kwamba mgongo wake ungeizuia ile sauti isikufikie. Mama yako akamtuma nahodha mmoja kwangu na neno moja tu: "Rudi."

Yule mtoto alipona, Nyamisi. Alikonda sana, ikachukua muda mrefu, lakini alipona. Nakuambia ili nisije nikakutisha kwa kaburi ambalo halipo.

Nilirudi. Nikamkuta mama yako amekasirika kiasi cha kunipa chakula bila kunisalimia. Nikamwambia mama yangu kwamba siku ya kliniki inayofuata mtoto atakwenda. Na mama, kwa mara ya kwanza, akanijibu kwa ukali. Akasema amekwisha tuma mtu Butiama kumwita Magesa. "Aje akuonyeshe ule mguu, kwa sababu naona umeusahau."

Baba yako mdogo alishuka kwenye pikapu ya abiria siku iliyofuata, vumbi mpaka kwenye kope, baiskeli imefungwa juu pamoja na magunia. Alikuwa bado kijana, hana hata mke. Alikula kwanza. Alikucheka ulivyofanana na mimi. Tulipokaa wote, mama akamwambia, "Magesa baba, kunja suruali. Mwonyeshe kaka yako."

Akakunja. Ulikuwa mguu mwembamba, ngozi imekauka, kisigino hakigusi chini. Mimi nimekua nikiuona mguu ule, lakini sikuwahi kuutazama kwa muda mrefu namna ile. Mama yako alianza kulia.

Bibi akasema, "Nilimshika mwenyewe. Wambura, nisikilize. Nilimshika kwa mikono hii."

Magesa akateremsha suruali yake, akainyoosha. Akasema taratibu, na mimi maneno yale nimeyabeba mpaka leo:

"Mama, ulinishika kwa sababu nilikuwa nakufa. Bila ile sindano mngenizika na miguu yangu miwili mizima."

Kule ukutani mtoto wa fundi akaanza tena kukohoa.

"Huu mguu ni wangu," Magesa akaendelea. "Miaka yote umeulilia, sijakukataza. Aliyechoma alikosea, wewe hukukosea. Lakini huyu mtoto usimtwishe mguu wangu. Haumtoshi."

Bibi aliinuka akaenda jikoni. Hakukubali, elewa hivyo. Alinyamaza tu, na watu wengi hudhani kunyamaza kwa mama ni kukubali.

Siku ya kliniki, Magesa akasema atakubeba yeye. Nikamwambia kaa, nitakwenda mimi. Akasema, "Wewe ulishakwenda visiwani." Basi tukaenda wote, mama yako mbele, Magesa nyuma anachechemea na wewe kifuani, mimi nimeshika mwavuli kama mtu asiye na kazi. Kwenye benchi la kliniki wote walikuwa wanawake. Walimpisha, wakamtania, wakamuuliza kama yeye ndiye aliyejifungua. Alicheka nao. Lakini zamu yetu ilipokaribia niliona jasho limeloanisha kola yake. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba tangu utoto hakuwahi tena kukaa karibu na sindano, hata alipougua alikuwa anaomba vidonge.

Nesi akamwambia, "Mshike paja, asirushe mguu."

Alikushika. Alifumba macho yeye, wewe uliyafumbua. Ulilia kilio kimoja kirefu, kisha ukashangaa, ukatafuta titi la mama yako. Magesa alibaki amekaa na machozi yanamshuka, hayafuti, na nesi, ambaye hakujua lolote la nyumba yetu, akamwambia, "Pole baba, kwani umechomwa wewe?" Wanawake wote wakaangua kicheko, na yeye akacheka pamoja nao. Nesi akatuambia homa inaweza kuja, ni kawaida, itapita, na hali ikizidi turudi haraka.

Homa ilikuja jua likielekea kuzama. Ulichemka, paja likavimba, ukawa hutaki kuguswa. Nilipotea kabisa. Kila nilichokuwa nimekisoma shuleni kilinitoka, nikabaki na mguu wa Magesa machoni. Bibi yako hakusema "si niliwaambia." Angeweza, na ingekuwa haki yake. Alikuchukua, akalowanisha khanga, akakupangusa, akakaa na wewe mapajani, na kila baada ya muda alikuwa anakukuna unyayo kwa ukucha wa kidole gumba. Sikuelewa anachofanya mpaka nilipoona: alikuwa anatazama kama vidole vyako vitakunjika. Vilikunjika. Anasubiri kidogo, anakuna tena. Vinakunjika. Alifanya hivyo mpaka jogoo wakawika, na kulipopambazuka ulikuwa umepoa, umelala, na ule mguu umeurusha juu ya mkono wake.

Siku ileile akafunga mzigo wake akaondoka na Magesa. Aliniaga kama mtu anayemuaga mwenye duka. Nilisimama barabarani nikiitazama ile pikapu ikielekea Suguti kurudi Butiama, nikajua kwamba nilikuwa nimepata nilichotaka na nimempoteza mama yangu. Miezi ikapita. Nilituma sukari, ikapokelewa. Nilituma salamu, zikarudi salamu fupi. Ulichomwa sindano zilizofuata, ukaketi, ukatambaa, ukaota meno, bibi yako hayupo. Mara ngapi nilifikiri kwenda Butiama nikapige magoti, na kila mara nikatafuta malori ya kupakia.

Ukafika umri wa sindano ya surua. Asubuhi ile mama yako anakuogesha, tukasikia hodi. Alikuwa bibi yako, na kuku mkononi. Magesa ndiye aliyemwambia siku. Hakunitazama usoni. Alikunywa maji, akatandika khanga yake begani, akasema, "Nipeni mtoto. Leo nitamshika mimi."

Nikamwambia, "Mama, si lazima. Tutamshika sisi."

"Najua si lazima." Akakufunga mgongoni. "Wambura, mimi bado naogopa. Sijaacha kuogopa. Lakini mtoto asishikwe na watu wanaojua tu. Ashikwe pia na mtu anayeogopa, ndiye atakayemshika vizuri."

Nikamwomba msamaha palepale, mbele ya mama yako, kwa lile neno nililomwambia. Akanipiga kofi dogo la mkononi, kama alivyonipigaga nilipokuwa mtoto, akatoka nje.

Hatujawahi kujua zile sindano zilikukinga na nini, Nyamisi. Hiyo ndiyo shida yake: zikifanya kazi hakuna kinachotokea, na huwezi kumwonyesha mtu kitu ambacho hakikutokea. Ulikimbia juu ya dagaa wa watu ukachapwa. Ulianguka ziwani ukatolewa. Ulikwenda shule na sare iliyokuzidi. Ulikuwa na utoto wa kawaida kabisa, na nikiufikiria sasa, na mabegi yako mlangoni, natamani ungekuwa mrefu zaidi.

Ukiniuliza, mimi ningempeleka mtoto. Ningempeleka bila kusita. Homa ile ya mwezi uliopita nimeiona na mimi, nimekesha pamoja nawe, na bado ningempeleka. Lakini Elia ni baba yake, na yeye anaogopa, na mtu anayeogopa ukimwita mshamba anaishia kuwa mtu anayeogopa peke yake. Zile video sizijui. Ila najua kwamba mtu huwa haogopi video tu; kuna kitu nyumbani kwao kilichomfanya aiamini. Muulize. Muulize mkiwa mmekaa, simu mmeziweka mbali, mtoto yuko katikati yenu. Labda kwao pia kuna mguu wa mtu. Ukishamsikiliza, mwombe mwende wote kwa nesi, aulize maswali yake yote kwa kinywa chake, hata yale yatakayokutia wewe aibu. Usimshinde, mwanangu. Nilishamshinda mtu mara moja katika jambo hili, na ushindi ule ulinigharimu miezi ya mama yangu ambayo hairudi.

Na usikae visiwani kama mimi. Kliniki ina siku yake, haisubiri watu wapatane polepole.

Siku mtakayokubaliana, nipigie. Nikisema nipigie sina maana ya kunipa habari. Nitapanda basi mpaka huko, nilale kwenye kochi lenu, na asubuhi twende wote kliniki. Nitamwambia Elia anishike mkono, nami nitamshika mjukuu wangu, huyo "mama" yangu, paja. Mimi pia bado naogopa.

Nasikia bajaji imesimama nje, na kilio kile ni cha mjukuu wangu.

Mungu akutangulie kila unapokanyaga.

Mimi baba yako,
Wambura